Kutoka ghorofa ya nne hadi uwanjani: kisa cha kuchagua darubini ya kubeba

Mwenye kisa hiki anaishi ghorofa ya nne. Jengo halina lifti na nyumba haina baraza. Anga analipata sehemu mbili tu: paa la zege la jengo lenyewe, na uwanja ulio mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Mara mojamoja husafiri kwa basi hadi mahali penye giza la kweli. Ana astigmatizimu, yaani jicho lisilo duara sawasawa, linalopotosha picha, kwa hiyo huvaa miwani. Anataka kuona mashimo ya Mwezi, mikanda ya Mshtarii na pete za Zohali. Akiwa gizani, anataka kundi la nyota la Kilimia, nebula (wingu la gesi) ya Orion na galaksi ya Andromeda. Mzigo wote, pamoja na pa kuuwekea, usizidi kilo 10, na ushuke ngazi kwa safari moja.

Darubini anayo tayari, ila imelala kabatini. Ni ya vioo, kipenyo milimita 114, urefu wa fokasi (umbali ambao mwanga husafiri hadi kuunda picha) milimita 1000, juu ya stendi nyembamba ya ikweta, ile inayoinamishwa ili kufuata mzunguko wa anga. Sanduku linatangaza ukuzaji wa mara 750. Malalamiko yake ni matatu: Zohali ilionekana kama tone lenye ukungu, Andromeda haikupatikana hata mara moja, na kila akigusa gurudumu la kufokasi picha ilicheza kama jani. Swali alilotuletea lilikuwa anunue ipi badala ya hiyo, na vifaa gani viiandamane.

Ya kwanza ilishindwa wapi

Kununua nyingine kabla ya kujua kosa la ile ya kwanza ni njia rahisi ya kulinunua kosa lilelile mara ya pili. Hapa makosa yalikuwa manne, na kila moja lina dawa yake.

Kosa la kwanza limejificha kwenye bomba. Fokasi inasemwa ni milimita 1000, lakini bomba lina urefu wa sentimita 45 tu. Katika darubini ya kawaida ya vioo ya aina ya Newton, bomba hukaribiana na urefu wa fokasi. Likiwa nusu yake, ujue kioo kikubwa kina fokasi fupi, na ndani ya fokasa, yaani sehemu inayoshika lenzi ya kutazamia na kurekebisha fokasi, imewekwa lenzi ndogo inayoirefusha. Muundo huo hutumia kioo chenye mviringo wa tufe, si wa parabola, na lenzi ile ndogo ndiyo inayotegemewa kurekebisha kasoro ya kioo. Kwa bidhaa za bei ya chini, lenzi hiyo haiiwezi kazi. Isitoshe, lenzi hukaa katikati ya njia ya mwanga na kuvuruga kifaa chochote cha kulinganishia vioo (kuvipanga vielekeane sawasawa), hivyo hata fundi mvumilivu huhangaika.

Kosa la pili ni ukuzaji. Ukuzaji ni urefu wa fokasi wa darubini gawanya kwa ule wa lenzi ya macho, yaani lenzi ndogo ya kubadilisha unayotazamia. Kwenye sanduku mlikuwa na lenzi ya milimita 20, inayotoa mara 50, ya milimita 4, inayotoa mara 250, na Barlow ya mara tatu, lenzi ya kati inayozidisha ukuzaji. Hapo ndipo 750 ilipotoka: 250 mara 3. Kanuni ya watazamaji ni kwamba ukuzaji wenye faida hauzidi mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 228 kwa milimita 114, tena usiku ambao hewa imetulia sana. Kwa mara 750, mwale unaotoka kwenye lenzi na kuingia jichoni una upana wa milimita 0.15 tu. Picha inakuwa kubwa, yenye giza, isiyo na kitu kipya ndani yake. Mwenye kisa alikuwa akianza na lenzi ya milimita 4 kila usiku, kwa imani kwamba kuona zaidi ni kukuza zaidi.

La tatu ni stendi. Gonga bomba kwa kidole wakati unatazama kwa mara 100, kisha hesabu sekunde hadi picha itulie. Sekunde mbili au pungufu ni nzuri. Hii ilichukua sita. Miguu ya alumini iliyovutwa hadi mwisho ndiyo iliyotikisika, na hakuna lenzi inayoponya hilo.

La nne ndilo dogo kuliko yote, nalo pekee lilitosha kuificha Andromeda: kilengeo, kile kifaa kidogo cha kulengea kilicho juu ya bomba, hakikuwahi kulinganishwa na darubini. Kilitazama upande mmoja na bomba upande mwingine, tofauti ya digrii mbili hivi, na kwa mara 50 uwanja wa kuona ulikuwa digrii moja tu.

Wagombea

Darubini ya lenzi ya milimita 70 yenye fokasi ya 700 ndiyo nyepesi kuliko zote, kilo 4 hadi 5 pamoja na stendi yake. Kwa uwiano wa f/10 (fokasi gawanya kwa kipenyo), rangi ya zambarau inayozunguka vitu vyenye mwanga mkali huwa ndogo sana. Haihitaji kulinganishwa vioo. Mwezi huonekana vizuri, na pete za Zohali zinatengana na sayari bila shida. Udhaifu wake ni mwanga: eneo la kukusanya mwanga la kipenyo cha 130 ni mara 3.4 ya lile la 70. Udhaifu mwingine ni kwamba bomba refu juu ya miguu myembamba hurudisha ugonjwa uleule wa kutikisika.

Darubini fupi ya lenzi ya milimita 102 yenye fokasi ya 500 tuliitoa mapema. Ni tamu kwa makundi ya nyota, lakini lenzi pana namna hiyo kwa f/4.9 humwaga zambarau nyingi kwenye Mwezi na Mshtarii, na sayari ndizo zilizotangulia kwenye orodha yake.

Maksutov ya milimita 90 yenye fokasi ya 1250, darubini ya vioo yenye lenzi nene mbele, ilitushughulisha zaidi. Bomba ni fupi mno, linaingia kwenye mkoba wa mgongoni na nafasi inabaki. Kwa Mwezi na sayari ni chombo safi kabisa: picha kali, vioo havihamihami. Ndiyo maana wengi hupewa jibu hili pasipo kuulizwa swali la pili. Swali la pili ni: utaliweka juu ya nini? Bomba, kioo cha kupinda mwanga na kilengeo havifiki kilo 2. Stendi ya miguu mitatu inayotulia kwa mara 100 ina kilo 4 hadi 5, na kichwa chake kilo nyingine. Jumla inakuwa 7 au 8. Ukiweka stendi nyepesi ya kamera ili kuokoa kilo tatu, umerudi kwenye sekunde sita.

Jambo jingine kuhusu Maksutov ni uwanja wake wa kuona. Lenzi za macho za inchi 1.25 haziwezi kuwa na tundu la ndani linalozidi milimita 27 hivi. Kwa fokasi ya 1250, hiyo ni digrii 1.25 za anga hata ununue lenzi ya aina gani. Kilimia ina upana wa karibu digrii 2. Kwa hiyo kundi lote halitaingia kamwe, na Andromeda, ambayo kwenye picha hufika digrii 3, utaona kiini chake tu.

Mgombea wa mwisho ni darubini ya vioo ya mezani: kipenyo 130, fokasi 650, kioo cha parabola, bomba linalokunjika, kitako cha mbao cha mtindo wa John Dobson, yule Mmarekani aliyeeneza vitako rahisi vya kuzungusha kwa mkono. Sky-Watcher Heritage 130P ni mfano unaojulikana wa aina hii. Uzito ni kilo 6 na kidogo, kitako kikiwamo. Yupo na ndugu yake wa milimita 150, anayekaribia kilo 8. Kwa mwanga ni bora, lakini ukiongeza pa kumweka na lenzi unavuka kilo 10. Tulimwacha kwa sababu hiyo tu.

Angalizo kwa anayenunua kipenyo cha 130: hakikisha maelezo yanasema parabola. Kioo cha tufe hakina madhara kwa 114 yenye fokasi ya 900, kwa kuwa uwiano ni mrefu, karibu f/8. Kwa f/5 kinaharibu kila kitu kinachozidi mara 60 au 70.

Uamuzi, na hesabu ya mizani

Ilichaguliwa 130/650 ya mezani. Sababu kubwa si kipenyo. Ni kwamba ukipima mzigo wote pale darubini itakapotumika, Maksutov "nyepesi" na hii "nzito" zinatofautiana kwa kilo moja tu, na kwa kilo hiyo unapata mwanga mara mbili na anga pana karibu mara mbili.

Darubini na kitako ni kilo 6.2, kigoda cha miguu mitatu kilo 2, lenzi na vifaa vidogo kilo 1. Jumla 9.2. Kigoda ni sehemu ya darubini, kisichukuliwe kama kitu cha kuokota njiani. Kiwe na miguu mitatu, kwa sababu mitatu hukaa imara popote, na minne hutikisika kwenye udongo usio sawa. Kimo chake kiwe sentimita 40 hadi 45, na uso uwe mpana kubeba vigingi vyote vitatu vya chini ya kitako. Mtazamaji aketi. Anayetazama ameketi huona mengi kuliko aliyeinama, maana shingo iliyochoka hulitikisa jicho.

Darubini inayojitafutia nyota kwa mota haikuingia kwenye orodha. Mota, betri na stendi yake vinakula kilo ambazo hapa hazipo.

Lenzi za macho kwa mwenye miwani

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi tukae kidogo.

Darubini huja na lenzi mbili, ya milimita 25 na ya 10. Ya 25 hutoa mara 26 na inatosha kuanzia. Ya 10 hutoa mara 65, na mara nyingi ubora wake ni wa chini.

Kwa mwenye miwani kuna kipimo cha ziada: umbali ambao jicho linapaswa kukaa kutoka kwenye kioo cha lenzi ili lione uwanja wote. Kwa lenzi za aina ya Plössl, umbali huo ni kama robo tatu ya fokasi ya lenzi. Ya milimita 10 inakupa 7 hivi. Miwani inataka 15 hadi 20. Kwa hiyo Plössl fupi na miwani havipatani hata kidogo.

Lakini astigmatizimu ina tabia nzuri: madhara yake hutegemea upana wa mwale unaoingia jichoni. Upana huo ni fokasi ya lenzi ya macho gawanya kwa uwiano wa darubini, ambao hapa ni 5. Lenzi ya 25 hutoa mwale wa milimita 5, na hapo kasoro ya jicho huonekana wazi, nyota zikaota mikia. Lenzi ya 6 hutoa mwale wa milimita 1.2, na mwale mwembamba hivyo hutumia katikati ya jicho tu. Watu wengi wenye astigmatizimu ya kawaida hutazama bila miwani chini ya milimita 2 wasione tofauti. Kutoona karibu au mbali hakuna shida kabisa, fokasa hulimaliza.

Hivyo basi, fedha ya kuondoa tatizo la miwani iende kwenye lenzi ya ukuzaji mdogo. Pendekezo lilikuwa lenzi moja ya milimita 24 yenye uwanja wa digrii 68, ikiwa na nafasi ya kutosha kwa miwani. Inatoa mara 27 na anga ya digrii 2.4 hivi, upana ambao Kilimia inakaa yote na ukingo unabaki. Plössl ya 32 ingetoa anga karibu ileile, lakini kwa mwale wa milimita 6.4, ambao chini ya taa za mji hufanya anga iwe ya kijivu, na mboni za watu wengi wazima hazifunguki kiasi hicho.

Kwa sayari ilichaguliwa lenzi ya milimita 6 yenye uwanja wa digrii 66: mara 108. Upana wa uwanja si anasa hapa. Darubini haina mota, na anga huzunguka digrii 15 kwa saa. Kwa lenzi hii sayari huchukua karibu dakika mbili na nusu kuvuka uwanja. Kwa lenzi ya digrii 50 yenye ukuzaji wa mara 130, dakika moja na nusu. Dakika hiyo moja ndiyo inayokuwezesha kusukuma bomba, kusubiri litulie, kisha utazame.

Barlow ya mara mbili ingoje. Ikija, itaigeuza 24 kuwa 12 na 6 kuwa 3. Hiyo 3 ni mara 217, ya usiku wachache sana kwa mwaka.

Vifaa vingine

Kilengeo cha nukta nyekundu huja na darubini. Kilinganishe mchana: weka ncha ya mnara au nguzo iliyo mbali, nusu kilomita au zaidi, katikati ya lenzi ya 24, kisha zungusha skrubu za kilengeo hadi nukta ikae juu ya ncha ileile. Kizime kila ukimaliza, na weka betri ya akiba mfukoni.

Bomba la aina hii lina sehemu ya mbele iliyo wazi, imeshikwa na vyuma viwili. Mwanga wa taa za jirani huingia kwa ubavuni na kuosha picha. Funika kwa karatasi ya povu jeusi la milimita 2: pima mzingo wa bomba, ongeza sentimita 2 za kupandiana, funga kwa velkro. Irefushwe kupita mdomo wa bomba kwa sentimita 10 hadi 15, itakinga na umande pia. Isigusane na njia ya mwanga ndani.

Fokasa ya kuzungusha kwa nyuzi za skrubu huwa na ulegevu. Dawa ni utepe mweupe wa mafundi bomba: ichomoe fokasa, zungusha utepe mara mbili au tatu juu ya nyuzi, irudishe. Utepe ukizidi, fokasa itakaza na kuvuta bomba kila ukiigeuza.

Tochi iwe nyekundu na hafifu, kwani macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza na mwanga mweupe unayarudisha mwanzo kwa sekunde moja. Kichujio cha Mwezi hakikununuliwa. Mwezi unaochoma macho hutulizwa kwa kuongeza ukuzaji.

Kichujio cha Jua ni jambo la kusemwa kwa ukali. Kwenye sanduku la darubini ya zamani kulikuwa na kioo kidogo cheusi cha kuskrubu kwenye lenzi ya macho, kilichoandikwa kuwa ni cha Jua. Kitupwe, na kivunjwe kwanza ili asikiokote mwingine. Hukaa pale joto lote la kioo kikubwa linapokusanyika, hupasuka bila onyo, na jicho hupotea kabla ya kupepesa. Jua hutazamwa kwa filamu maalumu ya ukali wa 5, inayopitisha sehemu moja kwa 100,000 ya mwanga, ikifunika mdomo wote wa bomba kwa mbele na kufungwa isipeperuke. Kilengeo nacho kifunikwe.

Kulinganisha vioo

Bomba linalokunjika linahitaji ukaguzi wa dakika mbili kila linapofunguliwa.

1. Vuta hadi usikie vyuma vyote viwili vikibana. Laza bomba, ili kitu kikidondoka kisiangukie kioo kikubwa.
2. Weka kwenye fokasa kifuniko chenye tundu la milimita 2 katikati kabisa.
3. Chungulia. Ndani ya kioo kidogo lazima uone kioo kikubwa chote, pamoja na vishikio vyake vitatu. Kimoja kikikosekana, geuza skrubu ndogo za kioo kidogo, robo mzunguko kwa wakati.
4. Kisha nenda nyuma ya bomba, geuza skrubu za kioo kikubwa hadi alama iliyo katikati ya kioo hicho iangukie kwenye taswira ya tundu lako. Alama haimdhuru yeyote, iko kwenye kivuli cha kioo kidogo.
5. Ukiwa nje, elekea nyota angavu iliyo juu, kwa mara 108. Ivuruge fokasi kidogo tu. Utaona duara ndani ya duara. Zikiwa na kitovu kimoja, umemaliza.

Leza ya kulinganishia ambayo yenyewe haijalinganishwa hukudanganya kwa uhakika mkubwa. Izungushe ndani ya fokasa: nukta ikichora duara kwenye kioo, iache.

Yaliyokwama mwanzoni

Usiku wa kwanza ulikuwa juu ya paa, saa moja baada ya jua kutua, na Mshtarii ulichemka kama sufuria. Zege lilikuwa likirudisha joto la mchana, na kioo kilichotoka ndani ya nyumba hakikuwa kimepoa. Kipenyo cha 130 kinataka dakika 20 hadi 30 nje kabla ya kukuza. Zege linataka saa nyingi zaidi. Ndiyo maana sayari zikahamishiwa uwanjani, kwenye nyasi, na paa likabaki kwa Mwezi na usiku wa manane.

Umande ulipotua kwenye kioo kidogo, alikipangusa kwa shati, na kikaachwa na mikwaruzo myepesi. Kioo chenye umande hakiguswi. Kipepee polepole kwa kadibodi au kirudishe mahali pakavu. Darubini nzima ifungwe ikiwa kavu.

Andromeda ilipatikana wiki ya pili, naye akadhani lenzi imechafuka: wingu refu la kijivu, lisilo na rangi. Ndivyo ilivyo kwa kipenyo chochote cha kubebwa mkononi, kwa sababu jicho halioni rangi kwa mwanga hafifu kiasi hicho. Uwanjani karibu na mji huona kiini tu, na gizani wingu hujaza uwanja wa lenzi kutoka ukingo hadi ukingo. Zohali kwa mara 108 ilitoka na pete zilizotengana na mwili, na mwezi wake Titan pembeni.

Jibu lingekuwa Maksutov kama angetaka sayari pekee, au kama angesafiri kwa ndege mara kwa mara akiwa na stendi nzuri upande wa pili. Lingekuwa darubini ya lenzi ya 70 kama kilo 5 ndizo mwisho wa mgongo wake. Na kama safari za gizani ndizo nyingi kuliko zote, darubini ya macho mawili ya 10x50, isiyofika kilo moja na inayoonyesha zaidi ya digrii 6 za anga, ingenunuliwa kabla ya lenzi ya milimita 6.

Ile ya 114 haikutupwa. Lenzi ya milimita 4 na Barlow yake ziliondolewa kwenye sanduku, miguu ikarudishwa kimo cha chini kabisa, na mfuko wa mchanga wa kilo 2 ukaning'inizwa katikati ya stendi. Sekunde sita zikawa mbili na nusu. Kwa lenzi ya milimita 20 na kilengeo kilicholinganishwa, inatazama Mwezi kwa mara 50 bila aibu, na sasa imekaa kwa jirani wa ghorofa ya chini.